Je, wajua kwa nini tamthiliya ngumu kitabuni huwa nyepesi ikichezwa?

Mwanafunzi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) pale Iringa anaweza kukutajia dhamira tano za tamthiliya bila kufungua kitabu. Madesa, yaani zile notisi za kukariri, yamefanya kazi yake. Ila muulize mhusika alikuwa anatania au anatisha pale aliposema maneno fulani, utaona anakodoa macho, kwa sababu hilo halimo kwenye desa. Mara nyingi hata kwenye kitabu chenyewe halimo.

Chukua Julius Caesar ya Shakespeare. Naichagua kwa kuwa Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, akairudia mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, hivyo hatuna pa kusingizia Kiingereza. Kaizari, mtawala wa Roma, ameuawa na wakubwa wenzake, Brutus akiwemo. Brutus anawaambia wananchi kwamba wameua kwa faida ya Roma, nao wanamshangilia. Kisha anamruhusu Antony, rafiki wa marehemu, kusema machache mazishini, kwa sharti asiwalaumu waliomuua. Antony analishika sharti. Kila baada ya maneno machache anakumbusha kwamba Brutus ni mtu mwenye heshima zake.

Ukiisoma kimya, hiyo ni sifa. Sasa isome kwa sauti. Mara ya kwanza unaitamka kwa adabu. Ya pili unaikawiza kidogo. Ya tatu unatazama pembeni, na ikirudi tena darasa zima linaguna kabla hujamaliza. Neno halikubadilika hata moja, lakini sifa imegeuka kuwa tuhuma, na baada ya muda mfupi watu wale wale waliomshangilia Brutus wanatafuta moto wa kuchoma nyumba yake.

Shakespeare aliwaandikia waigizaji. Septemba 1599 msafiri kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliuona mchezo wa Kaizari mjini London, akaandika kwamba ulipokwisha waigizaji walicheza ngoma. (Mauaji yote yale, halafu ngoma! Wazee wetu wangewaelewa kabisa.) Lakini Julius Caesar haikuchapishwa hadi mwaka 1623, miaka saba baada ya mwandishi kufariki. Yaani kwa zaidi ya miaka 20 watu waliijua kwa kuitazama na kuisikiliza, bila kitabu cha kununua.

Hata waigizaji wenyewe hawakupewa mchezo mzima. Kunakili kwa mkono kulikuwa kazi kubwa, kwa hiyo kila mmoja alipata karatasi yenye maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwisho ya anayemtangulia, ili ajue zamu yake imefika. Kwa shule yenye nakala mbili za kitabu na wanafunzi sitini, mtindo huu ni dawa. Chana karatasi za kaunta buku, mpe kila mtu kipande chake. Asiyejua mwenzake atasema nini analazimika kumsikiliza, na hapo ndipo maana inapoanza kuingia. Wasio na maneno ndio umati, na umati ndio wenye kazi nzito zaidi katika onyesho hili. Antony anahitaji mahali pa kusimama juu. Iringa, mji wenye jabali la Gangilonga, haujawahi kukosa jiwe.

Filamu je? Inafaa, ila mimi naiweka mwisho. Ukianza nayo, wanafunzi wanaiga sauti ya mwigizaji mmoja na kudhani ndiyo Antony pekee anayewezekana. Wakishacheza wenyewe, waonyeshe hotuba hiyo hiyo mara mbili: kwanza kwenye filamu ya mwaka 1953, ambamo Marlon Brando ndiye Antony, kisha kwenye ile ya mwaka 2012 iliyoongozwa na Gregory Doran, ambayo waigizaji wake ni weusi na Roma imehamishiwa Afrika ya leo. Antony wawili, maneno yale yale, na darasa litabishana nani kapatia. Usiwakatize.

Kuna mbinu nyingine tunayo siku zote na hatuiheshimu: ile ya kibanda umiza, kibanda cha mtaani cha kuonyeshea filamu. Zima sauti ya filamu, kisha mteue mwanafunzi mmoja aitafsiri papo hapo kama wafanyavyo wale watafsiri wa muvi. Atakapofika kwenye “mwenye heshima zake” itabidi aamue aitamke vipi, tena upesi, wenzake wakimzomea. Kompyuta moja ya mpakato na ukuta mweupe vinatosha, mradi luku haijaisha.

Kwa upande wetu ipo Mukwava wa Uhehe ya M. M. Mulokozi, iliyotoka mwaka 1979. Mwanafunzi wa Iringa anaweza kwenda Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mkwawa hadi Wajerumani walipoiteka mwaka 1894, akatazama ardhi yenyewe, halafu akarudi kusema maneno ya mtemi. Fursa hiyo mwenzake wa London hana.

Walimu wengi watasema muda hautoshi, na kwa mchezo mzima ni kweli. Lakini onyesho la mazishi peke yake linaingia kwenye vipindi viwili vya dakika 40. Cha kwanza wagawie karatasi, watoke nje wakaigize. Cha pili wape swali la aina ya mtihani: ni maneno gani yaliwageuza wananchi, na kwa nini? Aliyekuwa kwenye umati atakuonyesha mstari wenyewe, maana alikuwepo akipiga kelele ulipotamkwa.