Si kila binti wa mfalme aliozwa angali kigori

Wengi hudhani binti wa kifalme wa Ulaya ya karne ya 18 aliozwa mapema, apende asipende. Charlotte wa Mecklenburg-Strelitz ndiye hutolewa mfano: Septemba 8, 1761, akiwa na miaka 17, alifika London, akamwona George III, mfalme wa Uingereza, kwa mara ya kwanza, na usiku uleule wakafungishwa ndoa.

Sasa watazame mabinti zake sita. Wa kwanza kuolewa, mwaka 1797, alikuwa na miaka 30. Mary alisubiri hadi 40, Elizabeth 47! Watatu hawakuolewa rasmi kabisa. Shida yao ilikuwa kuzuiwa, si kulazimishwa: sheria ya 1772 ilidai kibali cha mfalme, na baba hakutaka kuachana nao.

Kukataa nako kuliwezekana. Caroline wa Ansbach, yatima wa Kijerumani, aliposwa na Karl wa Austria, aliyekuja kuwa kaizari. Sharti: aache Uprotestanti, awe Mkatoliki. Alibishana na padri, Biblia mezani, mara nyingine machozi yakimtoka. Akakataa. Mwaka 1705, akiwa na miaka 22, akaolewa na George August wa Hanover. 1727 mumewe akawa mfalme wa Uingereza, naye malkia.