MFV: boti ya wanamaji yenye jina la mvuvi

MFV si boti ya uvuvi iliyotwaliwa na jeshi. Maelezo hayo yamezagaa chini ya picha za boti kuukuu za mbao za Uingereza, na wanaoyaandika wana kisingizio kizuri, maana herufi zenyewe ni ufupisho wa Kiingereza wa "chombo cha uvuvi chenye injini". Lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili, boti zilizopewa herufi hizo na namba zilikuwa boti za kazi za Jeshi la Majini la Uingereza: kupeleka mabaharia nchi kavu, kuleta barua, vyakula na risasi kwenye manowari.

Mkanganyiko una chanzo chake. Vita vilipoanza mwaka 1939, serikali ilitwaa kweli boti za wavuvi, tena kwa wingi. Nyingine zilipelekwa kutegua mabomu ya majini. Nyingine zilikwenda Scapa Flow, ghuba ya manowari kwenye visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, ambako meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, na boti zilizozoea kuvua heringi zikawa ndizo daladala za bandari. Hizo zilitwaliwa. Lakini hizo si MFV.

MFV zilikuja baadaye, boti mpya kabisa, zilizoagizwa na wakuu wa jeshi la majini wenyewe. Nyingi zilijengwa na mafundi wa karakana za boti za mbao, kwa kuwa chuma na viwanda vyake vilihitajika kwa meli kubwa. Zilikuwa za urefu wa aina nne: futi 45, 61½, 75 na 90. Zile za futi 75 zilihesabiwa kuanzia namba 1001, za futi 90 kuanzia 1501.

Sasa, kwa nini waziite za uvuvi? Kwa sababu kuna mtu alifikiria mbele, jambo ambalo serikali zilizo vitani hazilifanyi kila siku. Vita vikiisha, jeshi litabaki na boti lisizozihitaji, na wavuvi watakuwa wamepoteza zao. Basi zichorwe tangu mwanzo kwa umbo la boti ya kuvulia, ili siku ikifika ziuzwe zikavue. Jina lilitaja kazi ya kesho. Na kweli, sheria ya mwaka 1945 iliwapa wavuvi wa karibu na pwani ruzuku na mikopo, na MFV nyingi zikaishia mikononi mwao. Nyingine zilibaki bandarini na wanamaji kwa miaka mingi.

Kwa hiyo anayeandika maelezo ya picha aangalie kwanza ubavuni. Boti iliyotwaliwa mara nyingi ilibaki na jina ililopewa na mvuvi mwenye boti. MFV ya jeshi ilijulikana kwa namba. Ukiiona namba hiyo, andika tu "boti ya kazi ya wanamaji, baadaye ya uvuvi", kama iliwahi kuuzwa.