Mawasiliano mbadala: mgonjwa wa ICU husemaje bila sauti?

Mawasiliano mbadala ni njia yoyote ya kufikisha neno ambalo mtu hawezi kulitamka. Katika ICU (wodi za wagonjwa mahututi) za hapa Nairobi, anayeyahitaji sana ni mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia. Mpira wa mashine hupitia mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, mpaka kwenye njia ya hewa. Pumzi hazigusi tena nyuzi hizo, basi sauti haitoki. Lakini masikio yako palepale, jambo ambalo jamaa wanaonong'onezana kuhusu bili kando ya kitanda hulisahau.

Kazi ya muuguzi huanzia kwenye swali. "Mama, unaumwa au una kiu?" halijibiki kwa mtu aliyebaki na macho tu. Aulize moja moja, kisha asubiri, maana dawa za usingizi huchelewesha jibu. Kope hupepesa zenyewe, kwa hivyo ni afadhali wapatane hivi: kufumba macho kwa nguvu ni ndiyo, kutazama juu ni hapana. Mapatano hayo yaandikwe na kubandikwa juu ya kitanda. Sista wa zamu ya usiku hakuwepo walipopatana.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Ukiuliza "Huumwi?" na mgonjwa akafumba macho, amekubali nini? Kwa Kiswahili, "ndiyo" hapo ni "ndiyo, siumwi." Aliyezoea kujibu kwa Kiingereza huenda anamaanisha anaumwa, na Nairobi tunachanganya lugha hizi kutwa. Mtu asikose dawa ya maumivu kwa sababu ya kikanushi. "Unaumwa?" yatosha.

Anayeweza kunyoosha kidole hupewa ubao wa picha au wa herufi, baada ya kurudishiwa miwani yake. Ubao uliopangwa kwa kufuata Kiingereza hutanguliza E, ilhali Kiswahili kimejaa A, na Q na X hazina kazi. Kwa mzee ambaye maumivu yake huja kwa Kikamba au Kijaluo, muuguzi huwaomba watoto wa mzee huyo maneno matatu: maumivu, kiu, choo.

Kidole kikigusa M, kisha A, kisha J, hakuna haja ya kungoja I. "Maji, mama?" Macho yanafumbwa kwa nguvu. Kunywa hawezi, mpira ungali kooni, lakini sista analowesha sponji ndogo na kuipitisha taratibu kwenye midomo iliyokauka.