Klachi Inapopasuka Miguuni pa Dereva

Katika mbio za dragi, zile za mstari ulionyooka wa robo maili (mita 402), dereva wa gari lenye klachi huweka miguu yake karibu kabisa na flaiwili, gurudumu zito linalozungushwa na injini. Kinachowatenganisha ni bati la sakafu na hauzingi ya klachi, ile yenye umbo la kengele inayounganisha injini na gia boksi. Hauzingi ya kiwandani ni ya aluminiamu, na kazi yake ni kubeba gia boksi na kuzuia vumbi. Flaiwili ikipasuka, hauzingi hiyo huvunjika na kuongeza vipande vyake juu ya vile vinavyoruka.

Chukua flaiwili yenye upana wa sentimita 30. Injini ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia karibu kilomita 400 kwa saa, na kila gramu 100 za chuma zilizo ukingoni zinavutwa kwenda nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 820 hivi. Nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa mizunguko. Peleka injini hadi 8,000, ongezeko la asilimia 14 tu, na mvuto unaongezeka kwa asilimia 30 na kuvuka tani moja.

Flaiwili nyingi za magari ya kawaida ni za chuma cha kusubu, ambacho huvumilia sana kubanwa lakini ni dhaifu kinapovutwa. Klachi ikiteleza wakati wa kuondoka, uso wa flaiwili huchemka ghafla huku ndani bado kuna ubaridi. Alama zake zinaonekana kwa macho: madoa ya bluu, kisha nyufa nyembamba kama unywele. Fundi anayeskimu (kukwangua kwa mashine) flaiwili ya namna hiyo ili uso ung'ae huwa ameondoa ushahidi, na ufa uliozama unabaki palepale. Flaiwili ya mbio iwe ya chuma cha pua (steel) au aluminiamu maalumu, yenye stika ya SFI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya vifaa vya mbio.

Kosa ambalo madereva wengi hawalijui ni la kanyagio. Wanadhani ukikanyaga klachi umeokoa kila kitu. Umeiokoa injini, lakini klachi pleti, ile sahani inayobanwa kwenye flaiwili, bado imeshikana na gia boksi, na gia boksi inazungushwa na magurudumu. Tuseme gari liko kilomita 160 kwa saa, tairi lina mzingo wa mita 2, uwiano wa difu ni 4.1, na dereva aliyekuwa akitoka gia ya tatu kwenda ya nne anaangukia ya pili yenye uwiano wa 1.9. Magurudumu yanazunguka mara 1,333 kwa dakika, kwa hiyo klachi pleti inazunguka karibu mara 10,400. Kifaa cha kudhibiti mizunguko ya injini hakiwezi kufanya lolote hapo. Bitana za pleti, yaani tabaka zake za msuguano, hung'oka na kutapakaa, hata kama dereva hakuachia kanyagio. Ukikosea gia, rudisha mkono nyutro mara moja.

Kwa sababu hizo chama cha NHRA cha Marekani, kinachosimamia mbio za dragi, hudai hauzingi ya kinga yenye kiwango cha SFI kwa gari lenye klachi linalomaliza robo maili kwa sekunde 11.49 au chini yake. Usiitoboe wala kuikata ili kupitisha bomba la ekzosi, na kila tundu la bolti litiwe bolti. Kabla ya kufunga gia boksi, weka geji ya mshale kwenye flaiwili, zungusha krenki kwa mkono, na upime tundu la katikati la hauzingi: mshale usicheze zaidi ya milimita 0.13. Ukizidi, badilisha pini za kulenga, uweke zile ambazo kitovu chake kimesogezwa pembeni. Hauzingi iliyokaa upande huvunja kitovu cha klachi pleti, na watu huishia kulaumu pleti. Bolti za presha pleti, ile inayoibana klachi pleti kwenye flaiwili, zikazwe kwa zamu, moja kisha ya mkabala wake, kidogo kidogo, na zimaliziwe kwa spana ya kupima nguvu.

Gia boksi nayo hupasuka. Tarehe 8 Machi 1970, katika uwanja wa Lions huko California, gia boksi ya dragsta (gari refu jembamba la mbio za dragi) la dereva Don Garlits ililipuka wakati wa kuondoka, ikakata sehemu ya mguu wake wa kulia na kuligawa gari vipande viwili. Wakati huo dereva wa aina hiyo ya gari alikaa nyuma ya injini, gia boksi ikiwa kati ya miguu yake. Garlits alirudi mwaka 1971 na gari lenye injini nyuma ya dereva, akashinda mashindano ya Winternationals pale Pomona, California, na baada ya muda si mrefu wengine wakamfuata.

Kipande cha mwisho ni propela, mhimili unaopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi difu. Kros ya mbele, yaani kiungo chake upande wa gia boksi, ikikatika, propela huanguka, huchimba lami, na inaweza kulinyanyua gari kama mtumbwi unaosukumwa kwa upondo. Kinga yake ni pete ya chuma inayoizunguka propela pande zote, ndani ya sentimita 15 kutoka kros ya mbele, yenye unene wa milimita 6 na upana wa sentimita 5. Ifungwe kwenye fremu, au ipewe pleti nene juu ya sakafu. Ukiifunga kwenye bati tupu, itang'oka pamoja na propela yenyewe.