Hedi ya plota ikiziba: tunayoambiana na yaliyo kweli

Ukitafuta plota kuukuu, ile mashine kubwa ya kuchapa kwa wino, River Road jijini Nairobi, utaambiwa bei ya kutupa na sababu yake papo hapo: hedi, yaani kichwa kinachorusha wino, imekufa. Kauli hiyo hutolewa haraka mno. Kwa ninayoyaona mezani, hedi nyingi haziuawi na wino uliokauka. Huuawa na matibabu yanayofuata, na matibabu hayo yametokana na imani ambazo mafundi tumepokezana mpaka zikawa kama sheria.

Nazungumzia hasa mashine zenye hedi ya piezo: Epson Stylus Pro 9800 ya mwaka 2005, Mutoh ValueJet 1604, na zile za Kichina za mabango na stika. Hedi ya DX5, iliyomo katika Epson na Mutoh hizo, ina safu 8 zenye nozeli (matundu ya kutolea wino) 180 kila moja, jumla 1,440, na kila tundu ni jembamba kuliko unywele. Ndani mna vipande vinavyojikunja umeme ukipita, vikasukuma tone la wino nje. Hedi ya namna hii ilikusudiwa idumu na mashine, na bei yake ni ya kuumiza, kwa hiyo kuiokoa kuna faida. Mwenye HP DesignJet 500, ile ya michoro ya wasanifu majengo, ana hesabu nyingine. Hedi zake hurusha wino kwa kuuchemsha, huchakaa, na zilitengenezwa zibadilishwe na mtumiaji mwenyewe. Hizo zifute miguso yake ya umeme kwa kitambaa kisichoacha nyuzi; zikikataa, nunua nyingine.

Dhana: Rangi isipotoka, hedi imeziba

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kabla ya kugusa hedi, chapa karatasi ya kupima nozeli mara mbili au tatu, kisha uzipange ubavu kwa ubavu. Mapengo yakiwa palepale katika karatasi zote, kweli kuna wino uliogandia. Yakihamahama, unashughulika na hewa iliyoingia katika wino. Na rangi inayoanza vizuri kisha ikafifia bango likifika katikati haijaziba, ila wino haufiki kwa kasi inayotakiwa: dampa (kijihifadhi kidogo cha wino kilicho juu ya hedi) imechoka, mrija umejikunja, au kiungio kinavuta hewa. Dampa ni kitu cha bei ndogo. Nimeona hedi nzima zikitupwa kwa sababu yake.

Halafu nenda pale hedi inapoegeshwa kazi ikiisha. Kuna mpira unaoifunika kwa chini, na pampu huvuta wino kupitia mpira huo. Ule mdomo wa mpira ukiuangalia kwa tochi, mara nyingi utakuta gamba jeusi limeuzunguka, limeinuka upande mmoja kiasi cha kutosha kupitisha hewa. Hapo hata ukiamuru usafishaji mara ngapi, pampu inavuta hewa tu na wino haujongei. Lainisha gamba kwa kisafishio, ulifute kwa kijiti cha sponji, si cha pamba, maana pamba huacha nyuzi. Kisha jaza kisafishio ndani ya mpira ule na uendeshe pampu. Kimiminika kikibaki pale pale, pampu au mrija wake umeziba. Kikinyonywa chote lakini nozeli hazirudi, huenda mpira haubani na unahitaji kubadilishwa. Jaribio hili halihitaji spea yoyote, nami naliona muhimu kuliko mengine yote yanayofuata.

Dhana: Rudia usafishaji mpaka ikubali

Kila usafishaji hunywa wino na kujaza tenki la wino mchafu. Mbaya zaidi, hedi yenye hewa huzidi kuvuta hewa. Fanya mara moja au mbili, kisha acha. Jaza kisafishio kwenye mpira, egesha hedi juu yake, uiache ilale hivyo usiku kucha. Wino uliokauka kwa miezi hauyeyuki kwa dakika kumi, na mteja anayesubiri stika zake kwenye benchi habadilishi jambo hilo.

Dhana: Spiriti, thina au maji ya moto, chochote kinaosha

Kisafishio hufuata wino. Wino wa eko-solventi, ule wenye kiyeyusho cha kemikali badala ya maji, una kimiminika chake, na wauzaji wa wino huo huwa nacho. Ukitia maji huganda badala ya kuyeyuka. Wino wa pigmenti (chembe ndogo za rangi) wenye msingi wa maji ni kinyume chake: huo hulainika kwa kisafishio chake cha maji, lakini spiriti inaweza kuufanya ushikane mabonge ndani ya hedi, mahali usipoweza kufika tena. Thina ya rangi ya magari na petroli huyeyusha wino, ni kweli, na huyeyusha pia gundi inayoshikilia hedi pamoja.

Ukihitaji maji, tumia yale safi ya kuongezea betri, ila soma chupa usije ukachukua asidi. Maji ya mfereji yana chumvi zinazobaki yakikauka, na ya visima vingi vya Nairobi yana madini mengi zaidi, floridi ikiwemo. Uvuguvugu unasaidia. Maji yanayochemka hulegeza gundi.

Dhana: Ikikaza, sukuma kwa nguvu

Sirinji ni chombo kizuri mkononi mwa mtu mwenye subira. Tia matone machache kwenye mdomo wa kuingizia wino na uyaache yashuke yenyewe. Kisha unganisha kimrija laini na usukume kidogo sana, rangi moja baada ya nyingine, ukitazama chini ya hedi kama nyuzi za kimiminika zinashuka zikiwa zimenyooka. Ukisikia ukinzani, ondoa kidole usubiri. Presha ikizidi, kuta nyembamba za ndani hupasuka na rangi huanza kuchanganyikana: manjano inatoka ikiwa na kijani ndani yake. Hilo halina dawa. Nayo mashine ya kuosha kwa mitetemo mimi siipendekezi kwa hedi ya piezo. Vipande vile vinavyojikunja ndivyo vya kwanza kuumia.

Kuna kosa lingine linalogharimu zaidi. Tone moja likifika kwenye waya bapa za hedi na mtu akawasha mashine, hedi inaweza kuungua pamoja na fyuzi na transista za bodi kuu. Zima, chomoa kabisa, ngoja umeme uliobaki uishe ndipo uchomoe waya. Ukirudisha, hakikisha ncha ni kavu na zimeingia zikiwa zimenyooka.

Dhana: Kazi ikiisha zima mashine, uokoe stima

Baada ya kampeni za Agosti 2022 kulikuwa na sababu ya kuzima mashine: mabango yameisha, kodi ya chumba inaendelea. Lakini plota ya eko-solventi iliyoachwa ikiwa na umeme hujisafisha yenyewe kila baada ya muda, na iliyozimwa haiwezi. Iache swichi kuu ikiwa imewashwa, na kila siku chapa kipande kidogo chenye rangi zote. Januari na Februari, hewa ya Nairobi inapokauka na vumbi kuongezeka, weka beseni la maji chumbani. Stima ikipotea katikati ya kazi, hedi hubaki nje ya mpira wake. Isukume taratibu kwa mkono hadi pa kuegesha. Ikiwa haisogei, usilazimishe.

Sasa, zipo hedi zilizokufa kweli. Kimiminika kinapita kila rangi bila ukinzani, mpira unabana, dampa ni mpya, waya ni nzima, na bado safu nzima haionekani kwenye karatasi. Huo ni umeme, na kisafishio hakitaufufua. Hapo nunua hedi nyingine, lakini rekebisha kwanza kilichoiua ya zamani, na kabla ya kuifunga nakili nambari iliyobandikwa kwenye hedi mpya. Mashine nyingi huhitaji kuingiziwa nambari hiyo ili zijue volteji ya kuipa hedi, na ukishaifunga ni vigumu kuisoma.