Tarehe ya chanjo imepita? Mtoto haanzi upya

"Nesi, tarehe imeshapita, si itabidi aanze upya?" Hii nimechoka kuisikia. Wanayo akina mama wanaolala kwenye baraza za maduka Ngamiani, wanayo wanaohamahama kati ya Tanga, Muheza na Pangani kufuata vibarua. Kinachoniudhi zaidi, wanayo hata wahudumu wenzangu.

Haanzi upya. Penta, sindano moja inayokinga magonjwa matano, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tangu kuzaliwa. Mtoto aliyepata ya kwanza akapotea miezi mitano, akirudi anachomwa ya pili siku hiyohiyo, na ya tatu wiki 4 baadaye. Kinga iliyokwisha kufundishwa na dozi ya kwanza haisahau kwa kuwa mama alifukuzwa barazani. Tatizo ni dozi zikikaribiana chini ya wiki 4. Zikiachana, hakuna kilichoharibika. Ila miezi yote hiyo mtoto anaishi na kinga nusunusu dhidi ya kifaduro na dondakoo, tena analala amebanana na watu wanaokohoa. Ndiyo maana namtaka leo, si "nikishapata pa kukaa".

Anwani nayo isikuzuie. Tunaandika unakopatikana, "nyuma ya soko la Mgandini" inatosha. Kadi ikipotea, nitajie kliniki aliyochomwa na mwezi wenyewe, tupekue rejista. Kumbukumbu zisipoonekana, anachanjwa kama ambaye hajachanjwa, na dozi ya ziada haimdhuru. Ushauri wangu ni uleule kila siku: kadi usilale nayo nje. Mwachie mama lishe unayenunua kwake uji, aibane ndani ya daftari la madeni. Daftari hilo halipotei hata mvua inyeshe vipi!

Nanyi wenzangu, mama akichelewa, chanja kwanza, maneno baadaye. Mkimfokea leo, kwenye surua ya miezi 9 na ya 18 hamtamwona.

Mengine ni mafupi. Mtoto hana kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani? Si kila mtoto hupata kovu, na harudiwi chanjo.

Umeng'atwa na mbwa usiku? Zile sindano za tumboni za kichaa cha mbwa ni habari za zamani, siku hizi unachomwa mkononi. Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha uje hospitali, hata kama mbwa mwenyewe unamjua.

"Lakini sista, nimekunywa." Pombe haizuii chanjo. Njoo hivyohivyo.