Motisha kazini: kutambua, kuzawadia, na deni lisilo zawadi

Kila Mei Mosi, baada ya maandamano na hotuba, hufika zamu ya wafanyakazi hodari. Jina linasomwa, mtu anapita mbele ya jukwaa akiwa na fulana ya shirika lake, anapokea cheti na bahasha, anapigwa picha, wenzake wanapiga vigelegele. Kwa Watanzania wengi hiyo ndiyo picha ya kwanza inayokuja neno motisha likitajwa. Picha yenyewe haina ubaya. Shida ni kwamba ofisi nyingi zimeishia hapo hapo: siku moja kwa mwaka, mtu mmoja kwa idara.

Motisha ni kile kinachomfanya mfanyakazi ajitume hata pale ambapo angeweza kufanya kiasi cha kutofukuzwa tu. Sehemu yake hutoka ndani ya mtu mwenyewe: kuipenda kazi, kujivunia ufundi, kumwona mgonjwa amepona au mteja amerudi. Sehemu nyingine huletwa na mwajiri, na hiyo ina njia mbili zinazochanganywa mno. Njia ya kwanza ni kutambua: kumwambia mtu, faraghani au mbele za watu, kwamba alichofanya kimeonekana na kina thamani. Ya pili ni kuzawadia: kumpa kitu juu ya mshahara wake kwa sababu ya alichofanya, iwe bonasi, nafasi ya mafunzo, siku za kupumzika au jokofu la nyumbani. Mtu anaweza kutambuliwa bila zawadi yoyote na akatoka kifua mbele. Lakini akipewa zawadi bila kuambiwa ni ya nini, hizo ni pesa zimeingia kwenye simu, basi.

Kuna kitu cha tatu ambacho si motisha kabisa, ingawa wapo mabosi wanaokiita hivyo. Kitu hicho ni stahiki. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania, saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Kazi ya usiku ina nyongeza ya angalau asilimia 5. Anayefanya kazi siku yake ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili. Meneja anayesimama kwenye kikao na kutangaza kwamba "safari hii tumeamua kuwapa motisha waliofanya kazi Idi" anatangaza deni lake kana kwamba ni sadaka. Wafanyakazi wanajua, na wanaogopa tu kusema. Vivyo hivyo kwa malimbikizo ya mshahara, pesa ya likizo na michango ya hifadhi ya jamii iliyokatwa lakini haikupelekwa. Deni hulipwa. Haliwi zawadi kwa sababu limecheleweshwa.

Naanza na hilo kwa sababu kila mpango wa motisha unaojengwa juu ya stahiki zisizolipwa huanguka, na huanguka na heshima ya aliyeujenga. Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake waliliona jambo la namna hii walipowahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, wakachapisha matokeo mwaka 1959. Waliwaomba watu wasimulie nyakati walizoifurahia sana kazi yao na nyakati walizoichukia. Hadithi za uchungu zilijaa sera za kampuni, usimamizi mbovu, mshahara na mazingira ya kazi. Hadithi za furaha zilijaa mambo mengine: kufanikisha jambo gumu, kutambuliwa, kupewa wajibu, kazi yenyewe. Herzberg akahitimisha kwamba kuondoa kinachomuudhi mtu hakumfanyi ajitume, kunamwondolea kinyongo tu, na kwamba cha kumfanya ajitume kinatoka upande wa pili. Wataalamu wengine walimpinga, wakisema ni kawaida ya binadamu kujipa sifa mambo yakienda vizuri na kumlaumu mwajiri yakiharibika. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mpangilio wake wa hatua mbili naona unafaa: ondoa kinyongo kwanza. Ndiyo maana kwenye uwanja wa Mei Mosi masikio husubiri neno la mshahara kuliko vyeti. Singida, mwaka 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000, hilo ndilo lililobaki midomoni mwa watu.

Sasa tuje kwenye kutambua, ambako hakuhitaji bajeti na ndiko kunakofanyiwa ubahili mkubwa zaidi. Mabosi wetu wana kinga yao tayari: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ukimsifu mtu atalegea, kwa hiyo kaa kimya, na akikosea mwite. Lakini wahenga hao hao walisema chanda chema huvikwa pete, na nadhani methali hizi mbili hazigombani. Mgema aliyesifiwa kijumla, kwamba yeye ni mgema mzuri, amepewa sifa isiyotegemea tembo la leo. Anaweza kutia maji na bado akabaki na jina. Angesifiwa kwa tembo la leo, kwa utamu wake na kwa kuletwa mapema, angejua hasa cha kulinda kesho.

Ofisini tofauti hiyo inasikika wazi. "Hongereni sana kwa kazi nzuri, tuendelee na moyo huo huo" ni sentensi ambayo kila mtu ameisikia na hakuna anayeikumbuka. Linganisha na hii: "Dada Rehema, jana ulishika ankara mbili za msambazaji mmoja zenye namba ileile kabla hazijalipwa. Umetuokolea fedha, na nimeona umeanza kuweka daftari la namba ili lisijirudie. Asante." Rehema akitoka hapo anajua mambo matatu: kilichoonekana, kwa nini kina maana, na kwamba kuna mtu anayeangalia kazi yake kwa karibu. Hilo la tatu ndilo zito kuliko yote. Na mhasibu wa meza ya jirani, ambaye hakusifiwa, naye amejifunza ofisi hii inathamini nini.

Nguvu ya kutambua ilipimwa Lusaka, Zambia, kwa namna ninayoipenda sana. Watafiti Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Kelsey Jack walishirikiana na shirika la afya lililotaka vinyozi na wasusi wauze kondomu za kike katika saluni zao, kama sehemu ya vita dhidi ya VVU. Baadhi walijitolea tu. Baadhi walipewa faida ndogo kwa kila pakiti, wengine faida kubwa. Kundi la nne halikupewa pesa. Lilipewa bango lenye mchoro wa kipimajoto la kubandika saluni, na kila pakiti iliyouzwa iliongezewa nyota, hivyo kila mteja aliyekaa kwenye kiti aliona mchango wa kinyozi wake kwa afya ya mtaa. Kundi hilo liliuza mara mbili ya makundi mengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, na maelezo yao ni kwamba nyota ziligusa mambo mawili kwa pamoja, yaani moyo wa kusaidia uliokuwemo tayari, na hamu ya kujilinganisha na wengine wa kazi ile ile.

Mwajiri bahili asifurahie haraka. Wale walikuwa na saluni zao na riziki yao. Mauzo yale yalikuwa nyongeza. Nyota hazikuchukua nafasi ya mshahara wa mtu. Ukimbandikia nyota mfanyakazi ambaye hajalipwa miezi miwili, utaziokota sakafuni.

Zawadi za fedha na vitu nazo zina nguvu, tena nguvu kubwa, na hapo ndipo penye hatari. Zawadi huvuta mahali ilipofungwa. Mwaka 1998 na 1999, huko Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, walimu wa shule za msingi 50 waliahidiwa zawadi kama suti, vyombo vya chai na mashuka, kwa kutegemea matokeo ya mitihani ya shule nzima. Thamani yake ilifika kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi. Alama za mitihani iliyohusika zilipanda. Lakini watafiti walipoangalia kwa undani, utoro wa walimu haukupungua na kazi za nyumbani hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kuwaandaa watoto kwa mtihani. Programu ilipokwisha, faida nayo ikapotea. Walimu hawakudanganya mtu. Walifanya kile zawadi ilichowaomba, na zawadi iliomba alama.

Tanzania tuna mfano wetu, nao unafundisha jambo jingine. Twaweza, shirika lisilo la kiserikali, waliendesha mpango wa elimu ya msingi uitwao KiuFunza katika wilaya 10, na shule 350 zikafuatiliwa mwaka 2013 na 2014. Shule za kundi moja zilipelekewa ruzuku ya Sh10,000 kwa kila mwanafunzi. Za kundi la pili hazikupata ruzuku hiyo, ila mwalimu wa madarasa matatu ya mwanzo aliahidiwa Sh5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la stadi za msingi katika somo, na mwalimu mkuu Sh1,000. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na shule zilizosalia zilikuwa za kulinganishia. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikubadilisha ujifunzaji wa watoto. Bonasi peke yake ilitoa matokeo mchanganyiko. Vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi kwa kiwango kinachoonekana wazi, kuliko hata ukijumlisha viwili hivyo kimoja kimoja.

Yafikirie hayo darasani. Mwalimu ana watoto themanini, vitabu sita, na chaki ya kugawana na darasa la jirani. Umempa hamu ya bonasi lakini mikono mitupu. Katika shule ya pili vitabu vimejaa kabatini na hakuna aliyeguswa kuvifungua. Motisha isiyo na vitendea kazi humwachia mtu uchungu wa kuona zawadi asiyoweza kuifikia. Meneja mauzo anayetangaza bonasi wakati ghala halina mzigo anarudia jambo lile lile.

Turudi kwa mfanyakazi hodari. Katika sehemu nyingi za kazi tuzo hii imekuwa ya mzunguko: mwaka jana alipata Salim, mwaka huu ni zamu ya idara ya usafirishaji. Naelewa kwa nini. Kamati inakwepa lawama, na zamu inaonekana ni haki. Lakini ikishakuwa zamu, haitambui kitu tena. Ni mchezo wa kupeana, na wafanyakazi wanaupokea hivyo hivyo. Mahali pengine kamati inateua kwa ukaribu na bosi, na hapo tuzo inageuka tusi kwa wote waliobaki. Ningeomba jambo moja tu: jina lisisomwe bila sentensi mbili za alichofanya mhusika, zinazoweza kuthibitishwa na wenzake waliosimama pale. Kamati isiyoweza kuziandika haina mshindi.

Tena si lazima kila kitu kiwe mashindano. Ashraf na Bandiera walifanya utafiti mwingine Zambia, miongoni mwa wanafunzi wa mafunzo ya wahudumu wa afya. Kutambuliwa na mwajiri kuliinua matokeo yao. Kuelezwa nafasi yao kulinganisha na wenzao kuliyashusha, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa nyuma tayari. Anayejua hawezi kuwa wa kwanza huacha kukimbia. Kwa hiyo ubao wa kupanga wafanyakazi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, unaobandikwa kwenye korido ya ofisi, hunipa wasiwasi. Kumlinganisha mtu na kazi yake ya mwezi uliopita kunatosha.

Na kuna watu ambao kazi yao huonekana pale tu inapoharibika: mlinzi, mhudumu wa usafi, dereva, fundi wa mtandao, karani wa masijala. Jalada likipatikana kwa dakika mbili hakuna anayeshangaa, likipotea ofisi nzima inamjua karani kwa jina. Hawa hawana takwimu za mauzo wala picha za uzinduzi, na mpango wowote unaotegemea takwimu utawaruka. Inabidi msimamizi wao aende mwenyewe, aone, aseme.

Mwenye biashara ndogo ya watu watano hahitaji kamati wala cheti chenye fremu. Mshahara utoke tarehe ile ile kila mwezi. Kila wiki amwambie mtu mmoja jambo moja mahususi aliloliona. Mwaka ukiwa mzuri, agawe kitu kwa wote kwa kanuni aliyoitangaza mwezi wa kwanza, siyo aliyoibuni Desemba baada ya kuona nani anampenda. Kanuni yenyewe iwe rahisi kiasi kwamba kijana wa dukani aweze kujikokotolea akiwa kwenye daladala. KiuFunza ilipojaribiwa tena baadaye, bonasi ya kanuni nyepesi, ya mtoto kufikia stadi au kutoifikia, ilifanya vizuri angalau sawa na ile ya hesabu tata iliyoonekana bora kwenye karatasi.

Mwisho, kodi, kwa sababu imeharibu furaha nyingi. Bonasi ya fedha kwa sheria ya kodi ya mapato ni sehemu ya kipato cha ajira na hukatwa kodi kama mshahara. Kwa Tanzania Bara, kipato kinachozidi Sh1,000,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 30 ya kile kilichozidi. Aliyekwisha kuvuka kiwango hicho akiahidiwa bonasi ya Sh500,000, kodi peke yake itachukua Sh150,000. Anaitazama hati ya mshahara na kuhisi ameibiwa, na aliyemwahidi anashangaa mbona hakuna shukrani. Tangazeni kiasi kitakachofika mkononi, na tarehe kitakapofika.